Ombi la Kitasa cha Choo cha Soko

Ifahamike kwa umma kwamba tangu mwaka jana soko letu linaendeshwa na Jukwaa Shirikishi na Endelevu la Kidijitali, lililobuniwa na Mkurugenzi mwenyewe baada ya semina nyingi zenye viyoyozi. Kanuni yake ni nyepesi: hakitengenezwi kitu sokoni, hata taa, mpaka kila mwanachama abonyeze "Naafiki" kwenye simu yake. Mkurugenzi aliiita demokrasia ya kiganjani, na alipenda sana jinsi ilivyosikika.

Asubuhi moja, Waziri akiwa njiani kuja kulikagua jukwaa na kumpandisha cheo mbunifu wake, tumbo la Mkurugenzi lilichafuka. Akajitosa kwenye choo cha soko, akafunga mlango, na kitasa kibovu kikagoma kufunguka.

"Fundi," akaita kwa sauti ya semina, "fungua huu mlango."

"Ningefungua, bosi," akajibu fundi seremala, bisibisi mkononi. "Ila ombi la hicho kitasa liko jukwaani toka mwaka jana. Nikikigusa kabla wote hawajaafiki, nimevunja mwongozo wako."

"Basi waafiki haraka."

Soko zima likahamia chooni, simu mikononi, watu wamefurahi kushirikishwa kama wameitwa harusini. Mshona viatu akapendekeza iundwe kamati ndogo ya harufu. Muuza nyanya akaomba mchakato usikimbizwe, uwe endelevu. Ndani, Mkurugenzi alijawa na huruma nyingi, yote juu yake mwenyewe. Cheo kile alikuwa ameshakishonea suti.

Ndipo mama mkwe wake, mwenye kibanda cha nguo, akasogea mlangoni.

"Mkwe wangu, tulia. Tumeangalia jukwaani. Soko zima liliafiki zamani, amebaki mtu mmoja tu."

"Nani huyo mpumbavu? Mwambieni Mkurugenzi anamwamuru abonyeze sasa hivi."

Nje wakatazamana.

"Ni wewe, baba," akasema mama mkwe kwa upole.

Mkurugenzi akachomoa simu. Mtandao hakuna. Akapanda juu ya ndoo, akainyoosha simu kwenye tundu la hewa, akaitikisa, akaibembeleza. Hakuna.

King'ora kikalia getini. Waziri akashuka, akapenya katikati ya watu, akauliza Mkurugenzi yuko wapi.

"Yuko humo chooni, mheshimiwa," akasema mama mkwe. "Sisi sote tumeshaafiki atoke. Anayekataa ni yeye mwenyewe."