Hatari Namba Ishirini na Saba

Inatangazwa kwa wakazi wote wa majengo manne, wenye nyumba na wapangaji, wanaolipa ada na wanaoahidi kulipa, kwamba Umoja wa Wakazi, katika kikao chake halali kilichoitwa saa mbili na kuanza saa nne kwa sababu za kiutendaji, umeunda Kamati Ndogo ya Tahadhari, Tathmini na Wasiwasi wa Jumla. Kazi ya kamati hiyo ni kuogopa kwa niaba ya wakazi, ili wakazi wenyewe wapate nafasi ya kuendelea na shughuli zao.

Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye ngazi, likagongwa muhuri mara tatu. Mwenyekiti wa Umoja alikuwa mtu wa muhuri. Aligonga barua, aligonga bahasha za hizo barua, na siku moja aligonga kiganja cha mtoto mchanga aliyeletwa tu kusalimiwa. Mbele yake aliitwa Mheshimiwa. Akishapita aliitwa Bwana Muhuri.

Mkuu wa kamati akateuliwa Mama Tahadhari, fundi cherehani wa chini ya ngazi, jengo la pili. Hakuomba cheo, lakini kama kuna mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo, ni yeye. Akisafiri siku moja tu, huzima swichi kuu ya umeme, hurudi kuhakikisha ameizima, kisha humpigia jirani simu aende akahakikishe kwamba alihakikisha. Shule aliishia darasa la saba, ila wasiwasi ungekuwa somo, leo angekuwa profesa. Wazazi wenye watoto wanaochezea nyaya, msome hadi mwisho. Hili ni onyo, ingawa Mama Tahadhari mwenyewe alichelewa kujua linamwonya nani.

Jambo lililozaa kamati lilikuwa hili. Kila jengo lina tangi la maji juu ya paa na pampu chini uani. Tangi likijaa, pampu huzimwa na mtu wa kwanza kupiga kelele "Yamejaaa!" Mfumo huo ulifanya kazi vizuri isipokuwa watu wakiwa kazini. Basi binti wa Mama Tahadhari na wenzake wawili, kwenye karakana yao, chumba kilichokuwa saluni na bado kina vioo vyake, wakatengeneza kifaa kidogo kama kisahani cha sabuni. Boya linaelea ndani ya tangi, waya unashuka hadi kwenye kifaa, maji yakijaa pampu inazimika yenyewe. Wakauza vichache kwa majirani wa mbali. Sasa wakauomba Umoja ununue hisa katika kampuni yao, ili wapate mashine na waongeze mikono.

Mpaka hapo hakuna aliyekosa usingizi. Balaa lilianza pale ilipogundulika kwamba mchoro wote wa kifaa, kila waya na kila skrubu, umebandikwa ukutani nje ya karakana na kuwekwa mtandaoni, na chini yake kuna msumari wenye nakala, na maandishi: CHUKUA.

"Kampuni gani hii," Mwenyekiti aliuliza kikaoni, "inayoanika siri zake kama nguo za ndani kwenye kamba?"

"Mchoro ni wa wote, Mheshimiwa," binti akajibu. "Anayeweza kutengeneza, atengeneze. Asiyeweza, anakuja kununua kwetu. Anayeona kosa anatuambia, tunarekebisha, na wote wanapona."

"Yaani tununue hisa za kitu ambacho kila mtu anacho?"

Muuza gesi, ambaye hukaa karibu na mlango ili awahi wateja, akadakia. "Mheshimiwa, siri ya gesi kila mtu anaijua. Inawaka. Mbona wananunua?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akaelekeza suala zima kwa Kamati Ndogo, ilete taarifa baada ya wiki tatu.

Kuna jambo moja ambalo Mama Tahadhari hakuliweka kwenye kumbukumbu za kamati. Binti yake alikuwa ameitwa kazini mji mwingine, mbali, safari ya siku mbili, kazi ya kudumu yenye pensheni. Umoja ukikataa, karakana inafungwa mwisho wa mwezi, na binti anaondoka. Kwa hiyo taarifa ya kitaalamu iliyosubiriwa na majengo manne ilikuwa, kwa kweli, mama mmoja akijiuliza aogope lipi zaidi. Mtoto akibaki, hana pensheni. Mtoto akienda, ana pensheni, lakini nani atamwuliza kama amefunga mlango? Alichotaka yeye ni kidogo tu. Binti awe na pensheni, awe karibu, na asiguse umeme.

"Mwanangu," alimwambia wakikunja vitambaa, "kitu cha bure watu hukidharau."

"Mama, karatasi zako za kukatia nguo umewaazima mafundi wangapi?"

"Wote. Hata yule mchawi wa jengo la nne."

"Na wateja wako wamehamia kwao?"

"Walihama. Wakarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wale hawajui kukata kwapa!" mama akasema kwa hasira, kisha akaona ametegwa. "Nguo ni nguo. Umeme ni umeme. Usinichanganye."

Kazi ya kamati ikaanza. Kila asubuhi Mama Tahadhari alibeba kigoda na kalamu nyekundu, akaketi mbele ya ule mchoro kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Hakuelewa kitu siku ya kwanza. Siku ya tatu alijua wapi umeme unaingia. Siku ya saba alikuwa anawasahihisha wapita njia. Alikuwa anatafuta hatari, na mtu anayetafuta hatari kwa dhati husoma kuliko anayetafuta elimu.

Akapata hatari arobaini na moja. Namba tisa: kifaa kina taa nyekundu, na nyekundu haijawahi kuleta habari njema. Namba kumi na nne: mteja kijana mwenye maneno matamu. Namba ishirini: mteja huyo huyo akirudi. Alikwenda kuzisoma karakanani, amesimama, miwani puani, sura yake ikiwa imejaa kwenye vioo vinne vya saluni, na wale wenzake wawili wa binti wakijitahidi wasicheke.

"Namba ishirini na saba. Panya."

Wakashindwa. Wakacheka hadi mmoja akaangusha bisibisi.

"Panya gani tena, mama?" binti akauliza.

"Panya wa darini. Akitafuna huu waya wa boya, kifaa kitajuaje kama maji yamejaa?"

"Hakitajua."

"Sasa kisipojua kinafanya nini?"

Binti akaacha kucheka. Akausogelea mchoro. Kicheko kikakatika chumba kizima.

"Kitadhani tangi halijajaa," akasema polepole. "Pampu itaendelea kusukuma."

"Mwanangu, asiyejua anyamaze. Hata vikaoni ingekuwa hivyo tungekuwa tunatoka mapema."

Kabla jua halijazama walikuwa wameupindua mpango: waya ukikatika, pampu inazimika. Mchoro mpya ukabandikwa, na chini kabisa pakaandikwa: *Kosa la kwanza. Aliyeligundua: mama fundi cherehani, jengo la pili. Asante.* Mama Tahadhari alisoma mstari huo mara nne. Mara ya tano akaingiwa na wasiwasi kwamba sasa wezi wanajua anakokaa.

Tatizo ni kwamba wakati huo tayari mchoro ulikuwa umeibwa.

Naam, umeibwa. Wiki moja kabla ya panya, Mwenyekiti alimtuma shemeji yake, fundi wa madirisha ya chuma, akauchukue kwa siri. Shemeji alifika asubuhi na mapema, kavaa kofia hadi kwenye nyusi. Nakala zilikuwepo pale msumarini, lakini kitu cha kuiba lazima kiibwe kwa heshima yake. Akajificha nyuma ya gazeti, akaanza kuchora kwa penseli. Binti akapita kufungua karakana.

"Shikamoo, mjomba. Penseli yako butu, nikuletee kalamu?"

Shemeji akakimbia na robo tatu ya mchoro. Robo iliyobaki akarudi kuimalizia kesho yake.

Siku ya taarifa ikafika. Kikao kilifanyika ofisini kwa Mwenyekiti, ghorofa ya juu kabisa, chini ya tangi, mahali alipopachagua mwenyewe ili uongozi uwe juu. Kuna zulia, kuna makabati ya mafaili, kuna meza yenye muhuri juu ya kitambaa chake. Mama Tahadhari alikuwa na taarifa yake mkobani, kurasa sita, na hakuna aliyejua imeandika nini. Yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha ukurasa wa mwisho mara mbili akipanda ngazi.

"Kabla ya taarifa," Mwenyekiti akasema, "nina furaha kuutangaza Mradi wa Kimkakati. Umoja hauhitaji hisa za mtu. Tunacho kifaa chetu, cha siri, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi, mmoja Katibu, mmoja Mweka Hazina. Na kwa usalama zaidi, swichi ya pampu tumeifungia humo humo. Hivi tunavyoongea, kinafanya kazi."

Makofi. Binti akatazama sakafu. Mama akainua mkono.

"Mheshimiwa, mliunakili kabla ya panya au baada ya panya?"

"Kikao hiki hakina ajenda ya panya, mama yetu."

"Nauliza tu. Kabla au baada?"

"Hiyo ni siri ya Umoja!"

Tone la kwanza lilidondoka kwenye kidau cha wino. La pili likaanguka kwenye paji la Mwenyekiti.

"Maji ya uzinduzi," akasema, akijifuta.

Halafu dari ikaanza kulia kwa mstari mmoja, kisha mistari mitano, kisha ikaacha mambo ya mistari. Mafaili yakaanza kuvimba. Katibu akatoa ufunguo wake, Mwenyekiti akatoa wake, wote wakamtafuta Mweka Hazina.

"Ameenda harusini," mtu akasema. "Kijijini kwa mke wake."

"Na ufunguo?"

"Kauvaa shingoni. Ulisema usitoke mwilini mwake."

"Natoa hoja," Katibu akasema, suruali imelowa magotini, "maji yaahirishwe mpaka akidi itimie."

"Naunga mkono," muuza gesi akajibu kutoka juu ya kiti.

Mama Tahadhari hakungoja kura. Alishuka ngazi ghorofa nne mbio, mkoba kwapani, mpaka kwenye swichi kuu ya jengo, akaivuta chini. Bila barua. Bila kugongewa muhuri. Pampu ikakoroma, ikanyamaza. Akasimama pale dakika nzima akihakikisha ameizima.

Alipogeuka, kikao chote kilikuwa kimemfuata, maana kwenye ngazi ndiko kulikokuwa kukavu. Akatoa taarifa yake. Kurasa tano za mwanzo zilikuwa hatari arobaini na moja. Ya sita akaisoma kwa sauti.

"Kamati imeogopa kila kitu ilichoweza. Imegundua kwamba hatari inayoonekana ukutani hata mtu wa darasa la saba anaiona. Iliyofungiwa kwenye sanduku anaiona panya tu. Kamati inashauri tununue hisa." Akakunja karatasi. "Na huyo mtoto avae viatu vya mpira."

"Mama!" binti akasema, akifunika uso.

Mikono ikainuka ngazi nzima. Katibu aliinua miwili, mmoja ukiwa umeshika faili linalochuruzika. Jioni ile binti aliwaandikia wale wa mji wa mbali kwamba anashukuru, hatakuja. Mama akafurahi kupita kiasi, na papo hapo akaanza kuiogopa pensheni.

Kesho yake, chini ya mchoro, palikuwa na mstari mpya: *Kosa la pili: kifaa cha mchoro wa zamani, waya wake ukiliwa na panya, kufungiwa pamoja na swichi yake. Aliyeligundua: Mwenyekiti wa Umoja. Asante.* Mpaka saa sita mchana, watu wa nchi ambazo Mwenyekiti hakuwahi kuzisikia walikuwa wamemwandikia mtandaoni kumpongeza kwa uvumbuzi wake, na wengine waliomba picha ya sanduku.

Alasiri akaja chini ya ngazi, jengo la pili, muhuri mkononi. Alikuwa amejaribu kuugonga mstari ule neno SIRI, lakini wino ulishaoshwa, ukaacha duara la maji tu. Akasimama kando ya cherehani, sauti chini.

"Mama yetu. Wewe si ndiye wa wasiwasi wa jumla?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Basi nami nina wasiwasi."

Mama Tahadhari akasimamisha cherehani. Akamvutia kigoda kile kile, akatoa kalamu nyekundu, akavaa miwani.

"Karibu sana. Kamati ni ya wote. Unaogopa nini?"

Mwenyekiti akatazama huku na huku. "Naogopa watu watasoma."

Mama akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba: *Hatari namba arobaini na mbili. Mwenyekiti anaogopa watu watasoma.* Akampa athibitishe. Mwenyekiti, kwa mazoea, akagonga muhuri. Mama akashukuru, akaenda karakanani kutoa nakala, akazitundika msumarini.