Kilo Moja ya Gunia

Leo nimeaibika, dada zangu, na aibu yenyewe nimejitafutia.

Mnajua hali yangu: miaka sita ya ndoa, ovari zina vifukovifuko, hedhi inakuja ikijisikia. Daktari alisema nipunguze mwili kwanza, huenda hedhi ikakaa sawa na mtoto akapatikana. Na Tumaini wetu wa jukwaa hili mnamjua, kila Jumatatu anatuandikia kapungua. Juzi kaandika kilo themanini na nne, hedhi imerudi. Nikampongeza. (Roho ikiniuma, chapati ya tatu mkononi.)

Asubuhi nikaenda Bombambili kwa mnunuzi wa mahindi, kujipima kwenye mizani ya magunia. Pale angalau hakuna nesi wa kukutolea macho. Mbele yangu nikamkuta dada mmoja mnene kiasi, mcheshi, naye kaja kujipima. Tukapiga soga, kumbe anasoma humu. Nikamwambia mimi ndiye Waridi. Kisha nikafunguka (wivu hauna breki): yule Tumaini ni mwongo, hakuna anayepungua hivyo, hizo kilo anazitunga.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akapanda mizani. Mpimaji, kama alivyozoea kumsomea karani, akapaza sauti: "Themanini na tatu! Toa moja ya gunia."

"Usitoe, kaka," dada akasema. "Gunia sijavaa."

Akanigeukia. "Jumatatu nitaandika themanini na tatu, dada Waridi. Utanipongeza tena?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuondoka, mpimaji akaniita, zamu yangu. Nikapanda, maana kukimbia kungekuwa aibu ya pili.

"Tisini na saba!"

Wauza mahindi wote wakageuka. (Humu niliwaandikia themanini na tisa. Ndiyo, mimi.)

Tumaini hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniambia yeye alianza na mia na mbili, akilia kila mwezi kama mimi, na kwamba jioni huwa anatembea kwa miguu mpaka Ruhuwiko, hana mwenzake. Akaniomba tuwe tunakwenda wote. Nimekubali. Lakini wivu bado ninao, tena umeongezeka: hata kwa roho nzuri kanizidi.

Kwa hiyo nimekuja mbio hapa intaneti kafe, niseme mwenyewe kabla hajasema yeye. Uzito wangu ni kilo tisini na saba.

Tisini na sita, mkitoa ya gunia.