Ombi la Kurusha Roketi Upesi ili Nami Niruhusiwe Kwenda Kazini

Bladensburg, Maryland

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Safari za Angani, hapo Washington.

Pokea salamu kutoka huku ng'ambo ya mto. Mimi ni Mwita, Mtanzania wa Tarime, naegesha magari ya wageni katika hoteli moja kule Alexandria, jirani na Washington. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya roketi siyajui na sikuwa na haja ya kuyajua. Lakini yameniingilia nyumbani.

Mke wangu Ghati hutazama kwenye televisheni kila mnapotaka kuwarusha wale watu wanne wa kwenda mwezini. Ameona mnavyokaa wengi, mkuu anauliza mmoja mmoja kama yuko tayari, na mmoja tu akisema bado, safari imekwisha, watu wanashuka wanarudi kulala. Alilipenda sana hilo. Sisi hata kumpokea mgeni uwanja wa ndege tunaunda kamati, basi naye akaunda ya Corolla yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi siondoki mpaka kamati nzima iseme tayari. Mwenyekiti ni Ghati. Binti yetu Queen ndiye wa hali ya hewa, naye hujibu kwa Kiingereza akiwa amejifunika blanketi. Mimi sina kura. Nilipouliza sababu, niliambiwa anayerushwa hapigi kura.

2. Fundi wa kamati ni jirani yetu wa chini, Mzee Sikujua, Mkongomani aliyeendesha malori Goma. Huinama chini ya gari akiwa na kikombe cha chai mkononi, kisha husema, "Ndugu yangu, huku kuna kitu kinatoka." Namwambia ni maji tu. Ananiambia hata ile roketi ilipovuja walianza kusema ni kitu kidogo. Hapo Ghati husema, "Baba Queen, panda basi." Basi likinifikisha, msimamizi wangu ameshakunja uso.

3. Mama mkwe naye amepewa kura, kwa simu, kutoka Sirari. Jumanne aliota nimevaa nguo nyeupe kama sanda. Kwetu mkwe habishiwi, hata kuhusu ndoto. Corolla ikabaki.

4. Msimamizi amesema nikichelewa tena nisijisumbue kuja. Nilimweleza kwamba safari iliahirishwa na kamati. Akauliza kamati gani, nami nikamwambia yote. Sasa wenzangu wananiita Mwanaanga, na mgeni akileta gari bovu naitwa nikalipigie kura.

5. Nimemsihi Ghati aivunje kamati. Amejibu: "Siku wale wanne wakiruka na kurudi salama, nitaivunja. Waliosoma vile bado wanaogopa, wewe na hiyo taa ya njano inayowaka tangu tununue gari una haraka ya nini?" Kwa hiyo, Mheshimiwa, kibarua changu kiko mikononi mwako.

Naomba mrushe wiki hii. Kama kuna vali inavuja, iacheni ivuje. Corolla inavuja na inafika. Na yule mtu wenu ambaye kila mara anasema bado, mpeni likizo ndefu, mwekeni mwingine mwenye haraka. Ikishindikana, mwandikieni Ghati barua yenye muhuri kwamba Corolla si roketi na Alexandria haiko mwezini.

Nisalimie wote hapo ofisini, na hao wanne, na wake na waume zao, ambao nadhani wamechoka kuagana.

Ni mimi ninayesubiri kurushwa,
Mwita

N.B. Barua hii imechelewa. Leo asubuhi nilichukua ufunguo Ghati akiwa bafuni, niipeleke posta bila kura. Mbele ya jengo letu nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini kama nakanyaga mkate. Nilisimamishwa na mapipa ya taka. Sijaumia. Mzee Sikujua alichovya kidole katika kile kitu kinachotoka, akanusa, akasema ni mafuta ya breki. Ghati alinifuta vumbi begani, akaendelea kufuta hata vumbi lilipokwisha.

Sasa napanda basi. Yatakayonikuta kazini yatanikuta mzima.

Kwa hiyo msirushe. Na yule anayesema bado, ambaye wengine mmeshamchoka, mpeni kiti cha mbele. Mama mkwe anamsalimu.