Kamati ya Kutofautisha Kuku

Watangaziwe watu wote, wenye kuku na wenye kutamani kuku: kuanzia leo ni marufuku kuku kufanana na mwenzake. Ndivyo alivyotamka Bwana Munyemana, mwenyekiti wa Kamati ya Kutofautisha Kuku, katika mkutano wa Jumanne huko Muganza. Alikuwa amevaa koti la suti katika joto ambalo hata mbuzi walikuwa wamelikimbia.

Sababu ilikuwa nzito. Kuku wa mtaa huo wote ni wa kahawia, wamenunuliwa kwa muuzaji mmoja, na malori yakipita vumbi linawapaka rangi moja zaidi. Kwenye umuganda uliopita, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya watu kufyeka na kuzibua mitaro, wamama wawili waligombania kuku mmoja hadi hotuba ya Munyemana ikakosa nafasi. Kuku kupotea si ajabu. Hotuba kupotea ni hasara ya umma.

Munyemana alikuwa na sababu nyingine, ila hiyo aliiweka moyoni. Umuganda unaofuata angekuja Mkurugenzi kutoka mjini, na mjini palikuwa na nafasi ya kazi yenye kiti cha kuzunguka. Munyemana alikitaka kiti kile mpaka akakiota.

Kamati ikaanza na picha za pasipoti. Kuku alitakiwa kutazama mbele, mdomo umefungwa, asitabasamu. Lakini kuku ana jicho huku na jicho kule. Kila aliyetakiwa kutazama mbele aligeuza shavu. Kamati ikahitimisha kwamba kuku wana dharau. Baadaye ilibainika kwamba nusu ya picha zilikuwa za kuku mmoja wa Habimana, mjumbe wa Kamati; kuku huyo alipenda kupigwa picha na kila mara alirudi kwenye foleni. Kamati ikafunga nyuzi za rangi miguuni. Kuku wakadhani ni minyoo, wakazila.

Ndipo Munyemana akaenda kwa Anonciata, mama aliyekulia Bukavu, anayekaanga mikate kando ya barabara. Kuku wake walifanana kama mikate yake.

"Maman, hawa unawatofautishaje?"

"Papa, haba bakuku banafanana kwa batu tu," alisema Anonciata bila kuacha kugeuza mikate. "Bo benyewe banajuana. Angalia tabia. Ule anafuata kila muntu mwenye bidon ya njano ya maji, anafikiri ni maman yake. Ule kule anataga mu casque ya motard, ile kofia ya pikipiki, paka pale, pengine hataki. Motard alishazoea, anakung'utaka kwanza mbele ya kuvaa. Na ule mwingine anaogopa mvua, lakini mvua ikikatika njo anaenda kusimama mu matope."

Munyemana akajikuta anacheka, akakumbuka cheo chake, akaacha. Hapo kuku mmoja akaruka juu ya ndoo, akapiga kelele kama aliyeshinda uchaguzi.

"Ametaga?"

"Huyo? Hajataga hata siku moja! Wenzake bakitaga, yeye njo anatangaza. Ninamuita Porte-parole, musemaji wa benzake. Ananichekesha sana, Papa. Siku nilikuwa na huzuni, nilimusikia, nikasahau."

Munyemana hakuona cha kuchekesha. Aliona udanganyifu wa takwimu. Jioni ile ile Kamati ikapitisha njia ya kutambua kuku kwa tabia, "iliyobuniwa na mwenyekiti," pamoja na Kanuni ya Yai: kiumbe yeyote atakayetangaza yai asilotaga yeye, ataondolewa. Habimana aliuliza kwa nini "kiumbe" wakati "kuku" lipo. Munyemana akamjibu kwamba neno kubwa huipa kanuni uzito.

Kwa hiyo Porte-parole akahukumiwa kuwa kuku wa mgeni: atakabidhiwa kwa Mkurugenzi akiwa hai, kwa heshima, kisha ataingia sufuriani, kwa heshima hiyo hiyo. Anonciata alilia waziwazi.

"Papa, chukua ingine. Nitakupa hata mbili. Huyo muniachie."

"Maman, sheria ni msumeno."

Siku ya umuganda ilipofika, Mkurugenzi alishuka garini na suruali nyeupe. Walimwandalia kiti chenye mto, na Porte-parole akafungwa kwa kamba kwenye mguu wa kiti hicho. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yanachemka.

Mkurugenzi akasimama. Akasema kwamba usiku mmoja, akifikiria maendeleo, alipata wazo la kuunda Kamati. Akasema kwamba ni yeye aliyegundua kuku watambuliwe kwa tabia. Munyemana alisubiri jina lake huku akitabasamu. Hotuba ikapita kwenye kuku wa casque, ikapita kwenye kuku wa bidon, ikafika hadi Kanuni ya Yai, "niliyoitunga mwenyewe," na jina la Munyemana halikutoka. Mwamba ngoma huvutia kwake. Munyemana aliumia, alitamani kulia kama mtoto.

Wakati huo huo Porte-parole, aliyechoka kusimama juani, alipanda kwenye mto akatulia. Kisha akashuka.

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaketi.

Ikasikika *paf* ndogo.

"Yai la nani hili?" alifoka, akishika suruali yake.

Wote wakamgeukia Munyemana. Kama hajui, basi Kamati imeshindwa kazi yake. Kama anajua, basi ni lazima aseme.

"Ni la Porte-parole, mheshimiwa," alisema Munyemana kwa sauti ya ofisi. "Ni lake la kwanza."

"Alors," Anonciata akauliza kutoka nyuma, polepole, "kama Porte-parole ametaga, leo hapa nani ametangaza yai hakutaga?"

Halafu Habimana, aliyependa mambo yanyooke, akakumbusha kwamba kanuni inasema *kiumbe*.

Kicheko kilianzia kwa wamama, kikavuka mtaro. Mkurugenzi akatangaza pale pale kwamba Kanuni ya Yai imefutwa, Kamati imefutwa, na kuku wote wako huru kufanana. Hakungoja chakula. Akatandika zile picha za pasipoti alizoletewa kuzikagua kwenye kiti cha gari ili asikichafue, akazikalia, akaenda zake.

Kiti cha kuzunguka kiliondoka naye. Munyemana alikitazama kikiishia kwenye vumbi, kisha akainama, akafungua kamba, akambeba kuku hadi kwa mwenyewe.

"Maman, unisamehe. Hilo yai ulilitaga wewe, nikatangaza mimi." Akamkuna Porte-parole shingoni. "Lakini huyu, siku zote ni kelele tu. Leo ametaga kweli, mbona alinyamaza?"

Anonciata akampokea kuku wake, akamfuta vumbi mgongoni.

"Angelia saa ngapi, Papa? Mukubwa alikuwa hajamaliza zake."