Twende Mlimani, Turudi Jioni

Enzi hizo za Mdachi gari la moshi lilikuwa bado geni Morogoro, na watu walikwenda stesheni kulitazama kama wanavyokwenda harusini, hata wasioalikwa. Kibwana hakukosa siku. Ila yeye hakutazama gari, alitazama walioshuka. Na siku moja aliona jambo ambalo Mdachi mwenyewe, pamoja na reli yake na miwani yake, hakuliona: wageni wa Dari Salama walimaliza shughuli zao mapema, kisha wakakaa juu ya mizigo wakipiga miayo, wakingojea gari la kesho.

"Mji huu una nini cha kutazama?" alilalamika mama mmoja mwenye mwili wake, Bi Mwaisha, mwuza mikate wa pwani aliyekuja kutafuta unga. "Boma nimeliona. Ukuta mtupu."

Kibwana aliinua macho. Milima ya Uluguru hiyo hapo! Imesimama nyuma ya mji tangu dunia iumbwe, mawingu kichwani, maporomoko ya maji kifuani, na hakuna mtu aliyewahi kuitoza kiingilio. Hasara hiyo ilimuuma Kibwana kama jino.

"Shikamoo mama," alisema, akavua kofia yake nyekundu. "Yaani umekalia kapu la unga, na pepo iko nyuma ya mgongo wako?"

"Marahaba. Pepo gani tena?"

"Alfajiri tunaondoka. Jua likichomoza tuko mtoni, likipanda tuko kwenye maporomoko, adhuhuri tunakula kuku, na alasiri uko hapa hapa unanawa miguu, gari linapiga honi. Chakula juu yangu."

Chakula hakikuwa juu yake hata kidogo. Tangu zama za misafara ya pembe, Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mnyamwezi akipita mlimani, ana ruhusa ya kumkamata jogoo wa mwenyeji, akamtukana mwenye jogoo juu yake, na mwenyeji sharti acheke. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Kibwana alizaliwa Kilwa, na Tabora hakuwahi kuiota hata kwa homa. Lakini nani angemuuliza? Alipofika uwanjani kwa Kristina, mkulima wa viazi na njegere aliyelima mashamba ya ukoo wa mama yake huko juu, alipaza sauti:

"Mtani! Kumbe hujafa? Na mimi nilikuja kuzika!"

Papo hapo akamkwapua jogoo, akakata na mkungu wa ndizi. Kristina aliegemea jembe lake, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mnyamwezi wewe?"

"Wa Tabora! Huoni ninavyonuka safari?"

"Haya, mtani. Kula." Kristina akacheka, maana desturi ni desturi.

Bi Mwaisha alicheka hadi akashikilia mti. Aliporudi pwani alihadithia mtaa mzima, na mtaa mzima ukapanda gari. Biashara ikawaka. Kila safari jogoo, kila safari mkungu, na safari moja mbuzi, ambaye Kibwana alimchukua huku akimpa pole kwa kufugwa na watu wabaya. Sifa zikamlevya. Sasa akauza na safari ambazo hazikuwepo: ya mto Ngerengere, kumwona mamba anayeitika akiitwa kwa jina, ya jiwe linalotoa jasho likiegemewa na mwongo. Watu walilipa kabla, tena kwa kusukumana.

Na fedha zote hizo alizitaka kwa jambo moja. Alitaka mkahawa wake mwenyewe huko Dari Salama, wenye kioo kikubwa ukutani, mteja ajione anavyokunywa kahawa. Alikuwa anakiota kile kioo, ananyoa ndevu ndotoni mbele yake. Kwa hiyo baada ya Idi, mji ulipofurika wageni waliokwisha kulipia mamba na jiwe, alipanga safari ya mwisho. Angewafikisha kwenye maporomoko, angewalisha, angesema anakwenda kuwatafutia asali, kisha angekata njia ya mkato hadi stesheni. Mkoba wenye kila kitu aliufunga kiunoni, chini ya koti, kwa sababu mwenye nyumba wake kule Mwembesongo alikuwa na vidole vyepesi. Alaa, mji umejaa wezi!

Siku hiyo uwanja wa Kristina haukuwa na hata kifaranga. Badala yake walikuwepo wanawake wa ukoo mzima, wamejipanga na michi yao, wanatabasamu.

"Mtani!" Kristina alimlaki kwa mikono miwili. "Mbona umechelewa? Leo zamu yetu."

Kofia nyekundu ikaondoka kichwani. Wageni wakapiga vigelegele.

"Irudishe, mtani," alisema Kibwana, akicheka kidogo. "Itakupwaya, kichwa chako ni cha kuku."

"Kuku wewe umewamaliza." Kristina akamvua koti, na alipokuwa anatoa mkono wa pili, akamsogezea mdomo sikioni. "Wanyamwezi wa relini wananunua viazi vyangu. Nimewauliza wote, wazee kwa vijana. Hakuna anayekujua. Sasa chagua mwenyewe. Kama u mtani, tunataniana, na wewe cheka. Kama si mtani, basi u mwizi wa kuku, na akida wa Mdachi anaishi pale kwenye paa la bati. Kiboko chake kimetoka kupakwa mafuta."

Kibwana alitazama paa la bati. Likammeremetea.

Akacheka.

"Hii kanzu ina chawa, mtani!" alipiga kelele, kanzu ikimpita masikioni.

"Tutawachemsha!"

"Viatu vinanuka!"

"Tutamvalisha nguruwe!"

Bi Mwaisha, aliyepanda tena na wageni wa Idi, alikuwa amekaa chini, machozi yanamtiririka. "Jamani, mtu huyu anajua kuigiza! Tazameni sura yake! Utadhani anaibiwa kweli!"

Wakamtupia gunia la viazi ajistiri. Kisha mkono wa Kristina ukashika mkoba. Hapo Kibwana aliacha kucheka, akaung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Kristina hakuvuta. Aligeuza shingo polepole kuelekea kwenye bati, kama mtu anayetaka kumwita jirani aje anywe uji.

Vidole vya Kibwana vikaachia kimoja kimoja. Akacheka. Alicheka kama fisi aliyebanwa na mlango, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Huko chini bondeni gari lilipiga honi, likaondoka kwenda pwani na kile kioo chake chote, na yeye amevaa gunia, bado anacheka.

"Sasa mamba je?" aliuliza fundi Ahmadi, mshona nguo kutoka pwani, mtu wa wasiwasi. "Mie nimelipia mamba."

"Mamba hakuna, ndugu yangu," alisema Kristina, akijifunga mkoba kiunoni. "Kuna njegere, kuna viazi, kuna maji baridi na kuku waliolipiwa. Kila aliyelipa apande kesho, atakula ashibe, na maporomoko tutawaonyesha wenyewe, hata yale ambayo huyu hayajui. Mizigo yenu atabeba mtani wangu."

"Kwa gunia hilo hilo?" aliuliza Bi Mwaisha.

"Hilo hilo."

"Basi na mie dada yangu anakuja kwa gari lijalo. Lazima naye amwone anavyovuliwa!" Bi Mwaisha akajikokota akainuka, akachomoa rupia kwenye pindo la kanga na kumnyooshea Kibwana. "Shika, baba, umetufurahisha. Mwekee nafasi."

Mkono wa Kibwana ulitoka ndani ya gunia wenyewe, kwa mazoea. Mkono wa Kristina ukafika kwanza.

"Nipe tu mimi, shoga. Huyu ni mtani wangu, chake ni changu." Akamgeukia kwa upole. "Au sivyo, Mnyamwezi?"

Watu wote wakamtazama, wakingoja.

Kibwana akacheka.