Azimio la Meza Zote Mbili

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimepewa usimamizi wa meza ya kwanza! Kiwanda cha minofu ya sangara, hapa Nyakato. Meza ya pili ni ya Akeyo, mama wa Kijaluo kutoka Shirati. Jumamosi tajiri atachagua mmoja wetu awe msimamizi mkuu. Atanichagua mimi. Nilikuwa ofisa wa shirika la pamba miaka ishirini na miwili, hadi lilipouzwa. Uongozi nimeusoma. Mtu haamrishwi, anashirikishwa. Akeyo anaongoza kama anafukuza bata: “Nyie, huyo sangara mnamchumbia? Kateni!” Halafu naye anakata. Msimamizi na kisu mkononi! Aibu.

Jumanne, 7 Machi

Kikao cha kwanza. Ajenda tatu, na mengineyo. Nkwabi, mkataji wangu hodari, aliyashika mengineyo kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Mabuti yanabana. Chai haina sukari. Mlinzi anamwangalia vibaya. Tukaazimia kuongeza kasi. Tulipoinuka, barafu ilikuwa maji.

Nilipopita, Akeyo akapiga goti: “Shikamoo, Mwenyekiti!” Nikaitikia marahaba. Meza yake yote ikacheka kwa furaha. Heshima inaanza kuenea.

Alhamisi, 9 Machi

Mkaguzi amekataa minofu yetu. Eti imelegea. Nikaitisha kikao cha dharura kujadili urefu wa vikao. Kikafika hadi chakula cha mchana. Rebeka wa meza yangu akaomba kwa adabu: mzee, tuambie tu tufanye nini, tufanye. Maskini. Hajazoea uhuru.

Jioni nilishuka bandarini kuitazama meli ya Ukerewe. Niliondoka kule mwaka 1961. Nyumba ya baba ilikuwa na milimao miwili mlangoni. Sijarudi, kwa kukosa cha kuwaonyesha. Pasaka hii nitashuka Nansio nikiwa msimamizi mkuu.

Ijumaa, 10 Machi

Mpango kabambe! Tajiri tumsubiri kwa nini? Mwaka huu nchi nzima inakwenda kwenye kura ya vyama vingi. Nikaunganisha meza zote mbili: wafanyakazi wenyewe wachague msimamizi mkuu, tajiri apelekewe azimio tayari. Nikajieleza kwa ufasaha, karibu saa nzima. Akeyo alipopewa nafasi akasema samaki wanaoza, akarudi mezani. Hana hoja!

Wanaomtaka Akeyo? Mikono yote juu. Nkwabi aliinua miwili. Ikabidi nimkumbushe kwamba kila mjumbe ana kura moja. Mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Hazikulingana. Nikatia sahihi. Utaratibu ni utaratibu.

Tajiri akanishukuru sana. Alisema alikuwa anasitasita, kwa sababu ya umri wangu na Kiingereza changu, na sasa nimempunguzia kazi.

Jumamosi, 11 Machi

Nimehamishiwa uani, kwenye mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki. Tuko wawili, mimi na Getruda. Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona: kikao cha jana hakikuwa na katibu. Kingekuwa na katibu, matokeo yangekuwa mengine kabisa. Nikamteua Getruda papo hapo, nikamweleza umuhimu wa kushirikishwa. Akanipa koleo. Akasema lori linasubiri, babu, na jua linapanda.

Nikamwomba subira kidogo, kwanza tuhakikishe kama akidi imetimia.

Imetimia.