Askari wa Tatu na Soksi za Njano

Jumanne, 11 Novemba
Habari kubwa! Ile filamu ya mauaji waliyoipiga hapa mtaani kwetu majira ya baridi ya mwaka juzi inatoka mtandaoni Ijumaa. Kiswidi kitupu, mwanzo hadi mwisho. Humo mimi ni askari wa tatu. Sixten wa ghorofa ya pili ni maiti, na tangu asubuhi anajitambulisha hivyo kwenye ngazi. Maiti! Kazi ya kulala!

Mke wangu Gunvor yumo pia, nyuma ya utepe wa polisi, kati ya watazamaji. Alifariki Machi. Picha zake ninazo, lakini picha hazisogei. Nataka kumwona akisogea. Na rimoti iwe mkononi mwangu, nisimamishe nikimwona.

Tatizo: Sixten amealika jengo zima kwake.

Jumatano, 12 Novemba
Nimebandika tangazo mlangoni pa chumba cha kufulia: Ijumaa kwangu mimi Evert, filamu, kahawa, mikate ya mdalasini. Jioni nimekuta limefunikwa na la Sixten: televisheni kubwa, keki ya mkate, ile ya chumvi, yenye uduvi. Chini yake bibi Majlis wa ghorofa ya chini ameandika kwamba hapa watu wanafua, wazee wakachezee kwingine.

Alhamisi, 13 Novemba
Gunvor alipima sukari kwa kikombe kilichovunjika mkono. Nimetumia kingine. Mikate imetoka kama mawe.

Hata hivyo nikampelekea Sixten, eti kwa ujirani mwema. Nilipovua viatu mlangoni akacheka, akauliza kama bado nina ugonjwa ule. Hajasahau! Siku ya kupiga filamu, askari wenzangu walivamia nyumba ya mauaji na buti zenye theluji. Mimi nilivua zangu, nikazipanga vizuri. Nyumba ya watu! Mwongozaji akapiga kelele: mzee wangu, mtu kachinjwa humo ndani, wewe unaogopa kuchafua zulia?

Sixten alipokwenda kuteleka kahawa nikachomoa betri za rimoti yake. Bila betri, hakuna filamu. Wote watahamia kwangu. Nimeshuka ngazi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 14 Novemba
Amewasha televisheni kwa simu.

Nilikaa sofani, betri zikinichoma mfukoni. Mkate wangu aliugusa Majlis peke yake. Aliuchovya kwenye kahawa muda mrefu, kwa heshima ya Gunvor.

Maiti ilionekana mguu tu. Sixten akaruka: ule wangu ule! Majlis akamsifu, hasa kidole gumba, kimekufa vizuri.

Mimi wamenikata. Vimebaki visigino viwili vya soksi za njano, pembeni kabisa. Nikainamisha kichwa. Ndipo Majlis akasema jamani, Gunvor huyo!

Koti la kijani. Amejifunika uso kwa glavu, mabega yanatikisika. Majlis akasema maskini, analia kama kafiwa na ndugu. Sixten akafuta macho, akasema hakujua kwamba Gunvor alimjali hivyo.

Kulia wapi! Mabega yale nayajua. Alikuwa ananicheka mimi, na soksi alizonifumia mwenyewe. Usiku ule alicheka mpaka viazi vikaungua.

Nikamwomba Sixten arudishe nyuma kidogo. Akanitia simu mkononi. Nikamwona akisogea. Kisha tena. Na tena. Hakuna aliyelalamika. Siri ya kile kicheko nimebaki nayo, na keki nimekula vipande viwili.

Jumamosi, 15 Novemba
Inasemekana sehemu ya pili itapigwa masika. Watahitaji maiti mpya. Sixten amekwisha kufa, hawezi kurudia. Nafasi ni yangu!

Nimefanya mazoezi sakafuni tangu asubuhi. Majlis aliingia kuomba maelekezo ya kuoka mikate ya Gunvor, akapiga yowe. Ishara nzuri sana. Nimemwapisha asimwambie Sixten, ambaye bado anatafuta betri zake. Nitazirudisha nikipata mpango.

Kimebaki kitu kimoja tu. Maiti akilala kwenye zulia la watu, awe na viatu au bila? Nimevua, kwa usalama.